Dreamliner si ndege kubwa, na faida yake iko hapo

Tangu Julai 2018, ilipotua Dar es Salaam Boeing 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania, ile iitwayo Dreamliner, vijiweni Mbeya yamekuwa yakizunguka maswali mawili kila habari ya ndege inapoguswa. La kwanza: kama hela ilikuwepo, mbona serikali haikuchukua ile kubwa kabisa, ya ghorofa? La pili linatoka upande wa pili wa benchi: nchi ambayo watu wake wengi hawajapanda hata ndege ya kwenda Dar, ndege ya kufika China inaitaka ya nini? Wanaouliza wanabishana, lakini wote wawili wanaamini jambo moja, kwamba ndege ya kwenda mbali lazima iwe kubwa. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Dreamliner ilitengenezwa ili isiwe kweli tena.

Tuweke vipimo mezani kwanza. Dreamliner za Air Tanzania zina viti 262, yaani 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Airbus A380, ile ya ghorofa, hupangwa viti 500 hivi, na mashirika mengine huvipunguza au kuviongeza. Chini ya Dreamliner kuna A220-300 yenye viti 132, na chini yake Q400 ya pangaboi, ile ambayo wengi bado tunaiita bombadia, yenye viti 76. Kwa idadi ya abiria, basi, Dreamliner ni ya kati. Kwa masafa siyo ya kati hata kidogo: Boeing inaipa kilomita 13,530 hivi bila kutua. Kutoka Dar hadi Mumbai kwa mstari wa angani ni kama kilomita 4,700, London 7,500 na Guangzhou 8,700. Zote zinaingia humo na chenji inabaki.

Sasa kwa nini shirika la ndege litake ndege ya namna hiyo? Jibu liko kwenye gharama mbili ambazo sisi wa nje huzichanganya. Kuna gharama ya safari nzima: mafuta, rubani na wahudumu, ada ya kutua, ada ya kuongozwa angani, matengenezo, marejesho ya mkopo wa ndege. Halafu kuna gharama ya kiti kimoja, yaani ile ya safari nzima ukiigawa kwa idadi ya viti. Ndege kubwa huwa nafuu kwa kiti. Ndege ndogo huwa nafuu kwa safari. Anayesimama stendi ya Nanenane analijua hili bila kufundishwa: basi kubwa la kwenda Kyela likijaa linampa mwenyewe faida nzuri kuliko kosta, lakini likiondoka nusu tupu, dizeli na dereva vinabaki vilevile, na mwenye kosta iliyojaa anampita akicheka.

Nitunge hesabu ili tuione. Namba hizi ni za mfano tu, si za shirika lolote. Ndege kubwa ya viti 500 inagharimu shilingi milioni 300 kwa safari, sawa na 600,000 kwa kiti. Ndege ya kati ya viti 260 inagharimu milioni 160, kama 615,000 kwa kiti. Nauli ni 850,000. Siku wakipatikana abiria 200, mapato ni milioni 170: ndege ya kati inabaki na milioni 10, ndege kubwa inapoteza milioni 130. Siku wakipatikana abiria 480, kubwa inaingiza milioni 408 na kubaki na 108. Ya kati imejaa, imewaacha watu 220 chini, na imebaki na milioni 61. Ukirusha za kati mbili siku hiyohiyo unawabeba wote 480 na kubaki na milioni 88, tena umewapa abiria nafasi ya kuchagua asubuhi au jioni.

Angalia tofauti ya gharama ya kiti katika mfano huo: shilingi 15,000 tu. Zamani haikuwa hivyo. Ukichukua ndege ndogo ukaipeleka mbali, gharama ya kiti ilipanda mno hadi nauli ikawa haibebeki. Kilichofanywa na kizazi cha 787, na baadaye A350 na A330neo za Airbus, ni kuishusha gharama ya kiti cha ndege ya kati ikaribie ile ya ndege kubwa, huku gharama ya safari nzima ikibaki chini sana. Maneno mengine yote kuhusu ndege hizi yanatoka hapo.

Ilikuwaje hadi masafa marefu yakawa mali ya ndege kubwa peke yake? Sababu moja ni mafuta: safari ndefu inataka mafuta mengi, mafuta yana uzito, na uzito unataka mabawa makubwa na injini nyingi. Sababu ya pili ni sheria, nayo haisemwi sana. Tangu 1953 Marekani ilizizuia ndege za injini mbili kupita mahali palipo zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa karibu, zikihesabiwa kwa mwendo wa injini moja. Injini za wakati ule zilikuwa zikizimika mara kwa mara, na juu ya bahari hakuna pa kushukia. Aliyetaka kuvuka bahari moja kwa moja alihitaji injini tatu au nne, na gharama ya injini nne haibebwi kirahisi na watu 200.

Mlango ulifunguliwa Februari 1985, ndege ya TWA, shirika la Marekani, aina ya Boeing 767 ilipovuka Atlantiki kutoka Boston hadi Paris kwa ruhusa ya kupita zile dakika 60. Mwaka 1988 zikaja dakika 180. Mwaka 2014 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipa 787 ruhusa ya dakika 330, saa tano na nusu juu ya maji au barafu kwa injini moja. Watu wakisikia hivyo hushtuka. Lakini ruhusa hiyo haitolewi kwa kuangalia injini peke yake. Hukaguliwa pia mfumo wa kuzima moto mizigoni, umeme wa akiba, na namna shirika lenyewe linavyotunza ndege zake. Ndege ileile inaweza kupewa dakika nyingi kwa shirika moja na chache kwa lingine.

Boeing wenyewe hawakuanza na wazo la ndege ya kubana matumizi. Machi 2001 walitangaza Sonic Cruiser, ndege ambayo ingekaribia kasi ya sauti. Miezi michache baadaye yakaja mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, abiria wakapungua, mashirika yakaanza kuhesabu senti, na Desemba 2002 mradi ukafutwa. Wateja walisema wazi kwamba kufika saa moja mapema hakulipi bili ya mafuta. Aprili 2004 ukazinduliwa mradi uliokuja kuitwa 787, mteja wa kwanza akiwa All Nippon Airways ya Japani kwa oda ya ndege 50. Baada ya ucheleweshaji wa miaka kadhaa, ndege ilibeba abiria wa kwanza Oktoba 2011, kutoka Tokyo kwenda Hong Kong. Hapa Afrika wa kwanza kuipata walikuwa Ethiopian Airlines, mwaka 2012.

Ahadi ya Boeing ilikuwa kupunguza mafuta kwa asilimia 20 hivi ukilinganisha na ndege za ukubwa huo zilizotangulia. Sehemu kubwa ya punguzo ilitoka kwenye injini mpya. Nyingine ilitoka kwenye bodi: nusu ya uzito wa 787 ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu, badala ya alumini. Nyuzi hizo ni nyepesi, hazishiki kutu, na hazichoki kwa kuvimba na kunywea kila ndege inapopanda na kushuka. Kwa hiyo ukaguzi mkubwa unafanyika kwa nafasi zaidi, na ndege inakaa muda mfupi zaidi karakana.

Kuna faida nyingine ya bodi hiyo ambayo mtu wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kuipima kwa mapafu yake. Ndege ikiwa juu, ndani hujazwa hewa, lakini si hewa ya pwani. Ndege za zamani zilijazwa hadi kufikia hali ya mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kidogo tu chini ya uwanda wa Kitulo. Bodi ya 787 inavumilia msukumo mkubwa zaidi, hivyo abiria anakaa kama mtu aliye kwenye mita 1,800. Hapo ni juu kidogo ya Mbeya mjini. Mzee wa Dar anayelalamika kwamba ndege inamchosha kichwa, apelekwe Kitulo siku moja na Mbeya siku nyingine, ataelewa tofauti bila kununua tiketi.

Turudi kwenye biashara. Faida kubwa ya ndege ya kati yenye masafa marefu, kwa maoni yangu, ni kwamba inaliruhusu shirika kujaribu. Machi 2014 British Airways walifungua safari ya London hadi Austin, Texas, mji ambao hakuna aliyeufikiria kwa ndege kubwa kutoka Ulaya. Walianza na 787-8. Abiria walipoongezeka wakaleta Boeing 777 iliyo kubwa zaidi, na baadaye hata 747 ya injini nne. Wangelazimika kuanza na 747 wasingeanza kabisa. Qantas nao, Machi 2018, walitumia 787-9 yenye viti 236 kuunganisha Perth na London bila kutua, kilomita 14,500 na saa 17 hivi. Oktoba mwaka huohuo Kenya Airways wakaanza Nairobi hadi New York kwa 787-8. Njia za namna hii ni ndefu na nyembamba: umbali ni mkubwa, watu ni wachache, lakini wapo kila siku.

Na njia nyembamba ndizo tulizo nazo sisi. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anayefuata vitenge, vipuri au vifaa vya umeme Guangzhou alikuwa akipita Addis Ababa, Dubai, Doha au Nairobi, na kila kituo kilikuwa na saa zake za kukaa benchi. Sababu si kwamba Dar ilidharauliwa. Idadi ya watu wanaotoka Dar kwenda Guangzhou kwa siku moja haijazi ndege kubwa, kwa hiyo shirika la Addis huwachukua wa Dar, wa Lusaka, wa Kigali na wa Harare, likawachanganya kwenye kituo chake na kujaza ndege moja. Ndege kubwa inahitaji mkusanyiko huo. Dreamliner inaweza kuishi na mkusanyiko mdogo zaidi: wa Dar wenyewe, wakiongezwa na wachache wanaoletwa kutoka Mbeya, Mwanza, Dodoma na Zanzibar. Hapo ndipo A220 na bombadia zinapoingia kwenye hesabu ya ndege ya kwenda China. Kiti kimoja cha kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar kinaweza kuonekana cha hasara, kumbe aliyekikalia ndiye anayejaza kiti cha 200 cha Guangzhou.

Yaliyoipata A380 yanathibitisha hesabu hii kutoka upande wa pili. Ilianza kazi Oktoba 2007, ikapendwa na abiria kuliko ndege yoyote niijuayo, na bado Airbus walitangaza mwaka 2019 kwamba wanaacha kuitengeneza. Ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021. Kwa wateja zilikabidhiwa 251 tu, na 123 kati ya hizo zilikwenda kwa Emirates, shirika lenye kituo cha kukusanya dunia nzima mahali pamoja. 787 zilizokabidhiwa zimepita 1,000. Aliyedhani tungechukua ya ghorofa ajiulize nani angejaza viti 500 vya Mumbai siku ya Jumanne.

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayalisemi sawasawa. Ile kilomita 13,530 haitoki na mzigo wote. 787-8 ikiwa tupu ina uzito wa tani 120 hivi. Matangi yakijaa, mafuta ni lita 126,000, kama tani 101. Abiria na mizigo inayoruhusiwa kwa juu kabisa ni kama tani 41. Jumlisha upate tani 262. Lakini uzito wa juu unaoruhusiwa kuruka ni tani 228 tu. Tani 34 hazina pa kukaa. Kila safari ndefu, basi, ni majadiliano kati ya mafuta na mzigo: ukienda mbali unaacha kontena, ukibeba kontena unaenda karibu. Guangzhou iko mahali pazuri kwenye mizani hiyo, kwa sababu haidai matangi yaliyojaa.

Mzigo huo wa chini ndio unaosahaulika kabisa vijiweni. Tumbo la 787-8 linameza kontena 28 za kawaida za ndege, na mara nyingi mizigo ndiyo inayoamua kama safari imepata faida. Watu wa Rungwe na Njombe wataniuliza mara moja kuhusu parachichi. Kwa kweli parachichi letu husafiri kwa meli, ndani ya makontena ya baridi, kwa sababu ni zito na bei yake kwa kilo haivumilii nauli ya ndege. Ndege inafaa mazao mepesi, ya bei kubwa na yanayoharibika haraka: mboga za maganda machanga, maua, matunda madogo laini. Atakayelima hayo Iringa au Njombe atahitaji pia lori la baridi hadi uwanjani, maana zao likinyauka njiani ndege haitalifufua. Kwa parachichi, ndege hubeba sampuli, na mnunuzi anayekuja kuliona shamba.

Udhaifu upo, na si mdogo. Ndege yenye uwezo wa masafa marefu ina mabawa, magurudumu na fremu nzito za kubeba mafuta hayo. Ukiirusha Dar hadi Mumbai, unalipia uzito ambao safari haiuhitaji. Umbali huo hata A220-300 inaufikia, na kwa siku zenye abiria wachache ingekuwa na akili zaidi. Dreamliner inalipa ikiwa angani saa 12 na zaidi kwa siku. Ikilala uwanjani, mkopo na bima havilali.

Tatizo la injini nalo limeumiza mashirika mengi. Dreamliner za Air Tanzania zinatumia Trent 1000 za Rolls-Royce, ambazo vipande vyake vya ndani vilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, na duniani kote ndege zimekaa chini kusubiri foleni ya karakana. Injini za Pratt & Whitney za A220 zikawa na foleni ya namna yake. Shirika lenye Dreamliner 40 likikosa moja linapanga upya ratiba. Air Tanzania ilipata ya tatu Agosti 2024. Mwenye tatu akikosa moja amepoteza theluthi ya safari zake za mbali. Wazo la "tuanze na chache tuone" lina gharama hiyo, na kuongeza aina za ndege kunaizidisha: kila aina ina marubani wake, vipuri vyake na mafundi wake.

Masafa si ruhusa pia. London na Ulaya ziko ndani ya uwezo wa ndege, lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga yake, na Juni 2025 ukayaingiza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, ukitaja usimamizi wa usalama. Hakuna injini inayovuka hilo.

Nimalizie na swali ambalo Mbeya haliishi: Dreamliner itatua Songwe lini? Uwanja ulianza kazi Desemba 2012 na barabara yake ya kurukia inazidi kilomita tatu, kwa hiyo urefu si kikwazo cha kwanza. Kikwazo ni hewa. Songwe iko mita 1,340 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Injini zinapata hewa kidogo, mabawa yanashika kidogo, na ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinuka. Ethiopian Airlines wanaishi na shida hiyohiyo kwa ukali zaidi: Addis Ababa iko juu ya mita 2,300, na kwa miaka mingi ndege yao ya kwenda Washington ilitua Dublin kuongeza mafuta, lakini ikirudi kutoka Washington, uwanja wa chini, ilifika Addis bila kutua. Upepo wa kuelekea mashariki nao uliisaidia.

Dreamliner ikiwa na mafuta ya kufika Dar tu ni nyepesi, na hapo Songwe si ya kutisha, mradi lami iwe imepimwa na kuwepo magari ya zimamoto ya daraja lake na mashine za kushusha kontena. Kuondoka hapo moja kwa moja kwenda Guangzhou na abiria 262 na tumbo lililojaa ni habari nyingine. Ingebidi kuacha mzigo au watu. Dar iko karibu na usawa wa bahari, na ndege nzito hunyanyuka hapo na mzigo mkubwa zaidi. Kwa abiria wa Mbeya, ndege ya kuangalia ni A220, na saa yake ya kufika Dar. Ikifika baada ya Guangzhou kuondoka, anasubiri safari inayofuata, ambayo haipo kila siku, na malazi ya Dar analipa mwenyewe.